Barua kwa Mhariri: Mkate wa mbegu si dozi ya mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, nalo ni mkate. Kila Jumamosi asubuhi, nikitoka sokoni Mwanjelwa, hupita katika duka moja dogo la vyakula vya asili hapa mjini Mbeya na kununua mkate wa ngano isiyokobolewa, uliochanganywa na mbegu za alizeti, ufuta, maboga na kitani. Huu ni mwaka wa pili sasa, na katika muda huo nimeulizwa swali lile lile na watu wasiopungua kumi, akiwamo binti aliyenihudumia siku ya kwanza, kijana wa bajaji aliyenishikia mfuko, jirani aliyeuona mkate mezani kwangu, na wifi yangu aliyekuja kutusalimia kutoka Tukuyu. Maneno hutofautiana kidogo, lakini swali ni moja: "Shikamoo mama, kwani nani anaumwa nyumbani?"

Hakuna anayeumwa. Mzee wangu hulalamikia goti, na goti halijapata kutibiwa kwa mkate. Mimi mwenyewe nilipopimwa mara ya mwisho, sukari na presha vilikuwa mahali pake. Ninaununua mkate huu kwa sababu ni mtamu, na ninaandika barua hii kwa sababu nimechoka kuona chakula kizuri, ambacho karibu kila kilichomo ndani yake kinaota katika mikoa hii yetu ya Nyanda za Juu Kusini, kikigeuzwa kuwa dozi ya mgonjwa au pambo la meza ya mgeni.

Niueleze kwanza huo utamu, maana sifa zake nyingine zote husemwa na huo ukaachwa. Mkate wenyewe ni mzito mkononi kuliko unavyoonekana kwa macho. Ganda lake ni gumu, lenye rangi ya kahawa iliyokaangwa, na kisu cha kawaida huteleza juu yake, hivyo nimejifunza kutumia kile chenye meno. Kikishapenya husikika mkwaruzo mdogo kila kinapokutana na mbegu ya alizeti, na chembe za ganda na ufuta hutawanyika juu ya kitambaa cha meza, ambapo mjukuu wangu wa miaka mitano husubiri pembeni na kidole alichokwisha kukilowanisha kwa mate, aokote ufuta mmoja mmoja kama kifaranga. Ndani mkate una unyevu. Mbegu za maboga huonyesha ukijani mahali kisu kilipozikata, na zile za kitani, ndogo na bapa, hung'aa kama shanga zilizomwagika. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapotuvalisha makoti hata ndani ya nyumba, mimi hukichoma kipande juu ya wavu wa jiko la mkaa mpaka mbegu za pembezoni zianze kutoa mafuta na kunukia, kisha nikakipondea parachichi la Rungwe na chumvi kidogo, chai ya maziwa ikiwa pembeni. Mkate mweupe hauwezi kulibeba parachichi. Hulegea na kukunjika kabla haujafika mdomoni. Huu hubeba, na ukishaumeza bado mdomoni hubaki mbegu moja au mbili za kuendelea kutafuna wakati wa kuosha vyombo.

Mzee wangu alipouonja mara ya kwanza alikiweka kipande chini na kuuliza kama unga ulipepetwa, maana alihisi mchanga. Sikubishana naye. Wiki ya tatu nilimkuta jikoni saa kumi na moja jioni akijikatia kipande bila kukaribishwa, na tangu siku hiyo nanunua mikate miwili.

Sasa nirudi kwenye swali la ugonjwa. Siwalaumu wanaouliza, kwa sababu duka lenyewe limewafundisha kuuliza. Kwenye rafu ulipowekwa mkate huo kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene kwamba huo ni mkate wa wenye kisukari, wenye presha na wenye uzito uliozidi, na pembeni yake yamepangwa makopo ya unga wa mlonge, chupa za mafuta ya habasoda na asali ya nyuki wadogo, kila kimoja na orodha yake ya maradhi. Nilifanya kazi ya ukarani mahakamani kwa miaka mingi, nikaandika maneno ya mashahidi wengi, na wale walionitia shaka kuliko wote walikuwa wale waliodai kuona kila kitu. Bidhaa inayotibu magonjwa ishirini hunitia shaka ya namna hiyo hiyo.

Ubaya wa karatasi ile ni wa pande mbili. Mtu mwenye afya huipita rafu ile kama anavyolipita dirisha la dawa ambazo hakuandikiwa, na mwenye kisukari naye huondoka akiamini kwamba sasa amepata mkate wa kula bila hesabu. Hili la pili ndilo la hatari. Mkate wa ngano nzima bado ni wanga. Yale makapi-mlo, ambayo wengine huyaita nyuzinyuzi, pamoja na mafuta ya mbegu, hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, lakini hayaiondoi sukari yenyewe, na mgonjwa anayekula vipande vitano vya mkate huu badala ya viwili vya ule mweupe hajajitendea wema wowote. Idadi ya vipande aulize kliniki anakohudhuria, ambako wanajua hali yake, kuliko kuitafuta kwenye karatasi iliyobandikwa rafuni na mtu anayetaka kuuza.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba sisi watu wa huku hatukuhitaji kufundishwa na yeyote habari ya nafaka isiyokobolewa, kwa sababu tunayo na jina lake tunalo: dona. Mtoto anayetumwa mashineni na ndoo ya mahindi anajua kwamba yakikobolewa kwanza, pumba na kiini vikaenda kwa nguruwe na kuku, kinachorudi nyumbani ni sembe, na yakisagwa yote kama yalivyo, kinachorudi ni dona. Ngano nayo ni vivyo hivyo. Katika kila gramu 100 za punje ya ngano, takriban 83 ni sehemu nyeupe ya ndani, 14 hivi ni pumba, na zisizozidi 3 ni kiini, yaani ile sehemu ambayo ingechipua endapo punje ingetiwa ardhini. Unga mweupe ni hiyo sehemu ya ndani peke yake. Makapi-mlo, sehemu kubwa ya madini chuma na zinki, vitamini za kundi B na mafuta ya kiini huondoka na kile kilichotupwa, ndiyo maana gramu 100 za unga wa ngano nzima huwa na makapi-mlo gramu 10 au zaidi kidogo, ilhali za unga mweupe huwa na gramu 3 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linamtaka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku.

Mbegu nazo zina kazi zake. Alizeti ina vitamini E, mbegu za maboga zina zinki na magnesiamu, na kitani ina mafuta ya omega-3, ingawa punje zake zikimezwa nzima aghalabu hupita tumboni na kutoka kama zilivyoingia, hivyo mwokaji mwenye akili husaga sehemu ya hizo kabla ya kuzitia katika kinyunya. Kwa Kiswahili cha jikoni, basi, mkate huu ni dona ya ngano iliyotiwa mbegu. Ajabu yetu ni kwamba mtu yule yule anayeringia ugali wa dona mbele ya wageni, akisema ndio uliomkuza, akioneshwa dona ya ngano huuliza nani mgonjwa.

Nadhani najua ilikoanzia. Nilizaliwa katika vilima vya Uporoto, ambako baba alilima viazi, pareto na ngano kidogo. Ngano ilikatwa kwa mundu, ikaanikwa, ikapigwa kwa fimbo, na mama akaipepeta kwa ungo upepo wa mchana ulipoanza kuvuma. Nyingi iliuzwa. Ile iliyobaki aliichemsha kwa muda mrefu pamoja na maharage, mfano wa kande, mpaka punje zivimbe na kupasuka, nazo zilikuwa na ugumu fulani wa kutafunika ambao sijaukuta kwenye chakula kingine chochote mpaka nilipouonja mkate huu ukubwani. Mkate wenyewe hatukuwa nao. Mkate ulikuwa ule mweupe uliokuja na mgeni kutoka mjini wakati wa Krismasi, ukiwa umevunjikavunjika ndani ya mfuko, na tuligawiwa kipande kimoja kila mmoja tukakila polepole, tukianza na ganda ili laini ibaki ya mwisho. Weupe ule ulikuwa mji, ulikuwa ajira, ulikuwa maendeleo. Na punje nzima iliyokuwa ikichemka chunguni kwetu ilikuwa ishara kwamba bado hatujafika. Leo tumefika, tunao mkate mweupe kila kona ya mtaa, na ile punje nzima imepata maana mpya ya ugonjwa au ya uzungu. Haijawahi kupewa nafasi ya kuwa chakula tu.

Na habari ya uzungu ina kichekesho chake. Waingereza, waliotuzoesha mkate mweupe, walilazimika wenyewe kuuacha wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa kuwa mwaka 1942 serikali yao iliagiza uokwe mkate mmoja wa taifa kwa unga ambao sehemu kubwa ya punje haikuondolewa, ili ngano iliyoletwa kwa meli katika bahari yenye hatari ilishe watu wengi zaidi. Waliulalamikia kwa rangi yake ya kijivu mpaka ulipokomeshwa mwaka 1956. Kisha akatokea daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt, aliyefanya kazi nchini Uganda tangu miaka ya 1940 hadi miaka ya 1960, muda mrefu akiwa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Huyu aliona kwamba maradhi ya tumbo yaliyojaza wodi za kwao, kama vile bawasiri na saratani ya utumbo mpana, yalikuwa machache kwa wanavijiji aliowatibu huku, na aliporudi Uingereza alitumia miaka ya 1970 kuwaeleza wenzake na umma kwamba tofauti iko katika chakula, na hasa katika makapi-mlo ambayo wao walikuwa wakiyaondoa na Mwafrika wa kijijini akiyala. Si kila alichokisema kimethibitika baadaye, lakini alichangia sana kuurudisha mkate wa ngano nzima katika meza za Ulaya na Marekani. Kwa maneno mengine, ulaji wa bibi zetu ulisafirishwa ng'ambo ukasomewe, na sasa umerudi Mbeya ukiwa katika mfuko mzuri wa karatasi, kwa jina la chakula cha wazungu na kwa bei ya wazungu.

Ili nisionekane mshabiki, niuseme pia upande wa pili. Mkate mweupe haukosi utetezi. Tangu mwaka 2011, kanuni za nchi yetu za kuongeza virutubishi katika vyakula zinawataka wenye viwanda waongeze katika unga wa ngano madini chuma, zinki, vitamini B12 na asidi ya foliki, na hiyo ya mwisho ni muhimu mno kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba, kwa kuwa hupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Ngano iliyosagwa katika mashine ya mtaani haina nyongeza hiyo, na binti zetu walio katika umri wa kuzaa wasiambiwe kwamba mkate mweusi umewatosha. Pili, pumba ya nafaka ina asidi iitwayo faitiki, ambayo hushikamana na madini chuma na zinki yasifyonzwe vizuri mwilini; hiyo hupungua kinyunya kikiachwa kichachuke kwa saa nyingi, jambo ambalo wapishi wa togwa ya ulezi wamelijua kwa vitendo bila kulijua kwa jina. Mkate wa ngano nzima ulioumuliwa haraka haraka na kutiwa jikoni haujafika pale unapoweza kufika. Na tatu ni mama mkwe wangu, aliyebakiwa na meno manne, ambaye aliniambia mbele ya watu kwamba mkate wangu umetengenezwa ili kuwatesa wazee. Akija kwetu nampa mweupe, wala sioni haya.

Nisichoweza kukitetea ni udanganyifu. Mwaka jana niliingia katika duka moja kubwa, ambalo halina haja ya kutajwa, nikakuta mkate ulioandikwa "brauni" kwa nusu ya bei niliyoizoea, nikajiona nimepata. Kuukata tu nikajua. Ulikuwa mwepesi kama sifongo, ukibonyezwa unarudi, na rangi yake ilikuwa moja toka ukingo hadi ukingo, bila hata chembe moja ya pumba. Nikavaa miwani nikaugeuza mfuko. Kiambato cha kwanza kilikuwa unga wa ngano, bila kuelezwa kwamba ni nzima, kisha maji, sukari, mafuta, hamira na chumvi, na karibu na mwisho wa orodha, kwa herufi za ukubwa wa mguu wa sisimizi, rangi ya karameli. Viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia, hivyo msomaji mwenzangu anaweza kujihukumia mwenyewe: ulikuwa mkate mweupe uliopakwa rangi. Mara nyingine, mahali pengine, niliuziwa "mkate wa mbegu" ambao mbegu zake zilikuwa zimebandikwa juu ya ganda peke yake, nazo zilipukutika zote ndani ya mfuko kabla daladala haijafika Uyole. Nilipofika nyumbani nilikuwa na mkate mweupe upande mmoja na chakula cha kuku upande wa pili.

Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama na ubora wa vyakula, lingetusaidia sana kama lingemtaka kila mwokaji anayetumia maneno "brauni", "nafaka nzima" au "wa mbegu" aandike mbele ya mfuko ni asilimia ngapi ya unga wake ni ngano isiyokobolewa, na mbegu zilizomo ndani ni kiasi gani. Mwokaji mwaminifu hatapoteza kitu kwa hilo. Kwa sasa yeye ndiye anayeumia, kwa sababu anashindana kwa bei na chupa ya rangi.

Bei nayo siyo ya kupuuzwa. Mkate wangu ni shilingi 7,000, na mweupe wa dukani karibu na kwangu ni shilingi 2,000. Mwenye watoto wanne wa shule hatanisikiliza nikimwambia habari za parachichi juu ya wavu. Nilimuuliza binti wa dukani sababu, akaniambia kwa upole: "Mama, unga wenyewe wa atta, yaani wa ngano nzima, unatoka Dar es Salaam, na kitani inatoka nje." Kwa kitani sina la kusema, ingawa mkate hautakufa kwa kuikosa. Lakini unga! Ngano inalimwa Makete, inalimwa Njombe, inalimwa Mbeya Vijijini na Rukwa, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, ambacho kiko umbali wa safari fupi ya daladala kutoka katika duka lile, kimeshughulika na mbegu za ngano kwa miongo mingi. Mahitaji ya ngano nchini yanakadiriwa kuwa takriban tani milioni moja kwa mwaka, na tunachovuna hakifiki hata robo ya hizo. Nyingine huletwa kwa meli, huteremshwa bandarini, husagwa huko huko pwani, na unga wake hupandishwa kwa malori kilomita zaidi ya 800 mpaka kwetu, ukipita njiani Makambako na Igawa, jirani kabisa na vilima ambavyo mkulima amekalia magunia yake ya ngano akisubiri mnunuzi.

Unga mweupe unaweza safari hiyo, kwa sababu umeondolewa kiini chenye mafuta na hivyo hukaa miezi mingi bila kuharibika. Unga wa ngano nzima hauwezi kwa urahisi: mafuta ya kiini huanza kubadilika ladha baada ya wiki chache, na joto la ghala huyaharakisha. Nimewahi kuuonja ulioharibika. Una uchungu unaobaki nyuma ya ulimi kama wa karanga za zamani. Lakini udhaifu huo ndio bahati yetu. Mkate wa namna hii unataka ngano iliyosagwa jirani na tanuri, wiki hiyo hiyo, na kuusaga hakuhitaji kiwanda cha mabilioni, kwa kuwa hakuna cha kutenganisha; mashine ile ile ya dona, ikisafishwa na kufungwa chekecheke laini, inatosha. Alizeti imejaa katika mikoa hii, ufuta unatoka Songwe na Ruvuma, na mbegu za maboga sisi wenyewe tunazitupa jalalani kila tunapopika boga. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa ikiongoza kwa udumavu wa watoto, Iringa ikiwa na asilimia 56.9 wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Udumavu una sababu nyingi na siwezi kusema kwamba mkate ungeuondoa, lakini ni vigumu kuisoma takwimu hiyo huku ukiwa umeshika bakuli la mbegu za maboga unaelekea nalo jalalani.

Nilijaribu mwenyewe, ili nisije nikaandika maneno matupu. Nilinunua kilo tano za ngano nzima, nikazichambua mawe, nikamwomba kijana wa mashine aikung'ute mashine yake kwanza, naye akanisagia huku akinitazama kama mtu aliyekosea foleni. Mkate wa kwanza ulikuwa tofali. Nilikuwa nimetia mbegu kavu, nazo zikanywa maji yote ya kinyunya, na kwa baridi ya Julai hamira haikupata nguvu ya kuuinua. Mara ya pili nililoweka mbegu usiku kucha, nikakanda kinyunya kikiwa chepesi kiasi cha kunata vidoleni, nikakifunika na kukiacha karibu na jiko tangu baada ya chakula cha jioni hadi alfajiri, kisha nikakioka katika sufuria, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Ulitoka mfupi, umepasuka upande mmoja, na chini uliungua kiasi cha sarafu. Tulikula wote kabla haujapoa, kinyume cha mashauri yote. Sikuupiga hesabu ya senti kwa senti, lakini haukufika hata nusu ya shilingi 7,000, na hapo mkaa nimeuhesabu.

Waokaji wa mjini wenye matanuri ya kweli wataweza kufanya vizuri kuliko mimi na sufuria yangu, kama watawaendea wakulima wa Uporoto na Makete badala ya kusubiri lori. Na wenye maduka ya vyakula vya asili, ambao kwa hakika wametufungulia mlango na ninawashukuru, wangefanya jema kubwa kuliko yote kwa kuziondoa karatasi za maradhi kwenye rafu za mikate. Nilimwambia hivyo yule binti, ambaye siku hizi huniita mama wa mkate. Alinijibu kwamba karatasi hawezi kuibandua bila ruhusa ya mwenye duka, ila anaweza kuweka sahani ya vipande vya kuonja juu ya kaunta. Ameiweka, pamoja na kibakuli cha asali. Jumamosi iliyopita nilichelewa sokoni, nikafika dukani saa nne kasoro, nikakuta umebaki mkate mmoja tu, na mbele yangu amesimama kijana wa bodaboda akiwa na kofia yake mkononi, anautafuna ule wa sahani na kuuliza bei.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msomaji wa siku nyingi,
Uyole, Mbeya.